Agizo Kama Maelezo ya Lugha: Akili Bandia na Uandishi wa Programu za Kuchunguza Kiswahili

1. Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi mtafiti wa lugha anavyoweza kuitumia akili bandia katika kuandika programu ndogo ndogo za kazi yake ya kila siku, kama vile kuhesabu maneno, kupanga orodha za msamiati, kutafuta mifano ya muundo fulani katika matini nyingi, au kusafisha maandishi ya zamani yaliyoingizwa katika kompyuta. Kazi za namna hii zilikuwa zikifanywa kwa vikaratasi na visanduku, na aliyetaka kukusanya mifano mia tano ya kauli ya kutendea alihitaji miezi mingi. Siku hizi programu ya mistari thelathini yaweza kumaliza kazi hiyo kwa muda mfupi sana, na mtafiti ambaye hakusomea uandishi wa programu aweza kuipata kwa kuieleza mashine anachotaka.

Lakini kueleza anachotaka mtu si jambo jepesi kama linavyodhaniwa. Wengi wanaofunza matumizi ya akili bandia hulichukulia agizo kuwa ni fomula: mtu akiyajua maneno fulani ya kutangulizia, mashine itamtii. Makala haya yanashikilia rai nyingine. Agizo zuri ni maelezo sahihi ya lugha, na ubora wake hutegemea kadiri mwandishi wake anavyoijua lugha anayoichunguza na kadiri anavyoweza kuyatamka yale ambayo wazungumzaji huyaacha bila kutamkwa. Asiyeweza kufanya hivyo hatanyimwa programu. Atapewa programu inayokwenda bila kukwama na kutoa takwimu zisizo za kweli.

Istilahi mbili zahitaji kufafanuliwa. Agizo hapa ni maneno anayoyaandika mtu ili mashine ijibu au itende. Akili bandia, ambayo wengine huiita akili unde au akili mnemba, ni jina la jumla, na hapa latumika kwa zile programu zilizofunzwa kwa matini nyingi mno hata zikaweza kubashiri kipande cha neno kinachofuata, na kwa njia hiyo kutunga sentensi au programu nzima.

2. Asili ya Kuiamuru Mashine kwa Lugha ya Watu

Tamaa ya kuiamuru kompyuta kwa lugha ya kawaida si mpya. Katika miaka ya 1950 Grace Hopper na wenzake nchini Marekani walibuni lugha ya FLOW-MATIC, ambayo ilitumia maneno ya Kiingereza mahali pa alama za kihisabati, na fikra zake ziliingia katika lugha ya COBOL iliyoanza kuundwa mwaka 1959. Hata hivyo, maneno ya COBOL yalikuwa ya Kiingereza kwa sura tu. Kila neno lilikuwa na maana moja iliyowekwa, na aliyeikiuka sarufi yake alikataliwa na mashine papo hapo.

Mtaalamu wa Uholanzi, Edsger Dijkstra, aliandika makala kupinga wazo la kuandika programu kwa lugha ya kawaida. Hoja yake kuu ilikuwa kwamba lugha rasmi za alama zina faida kubwa kwa sababu humzuia mtu kusema upuuzi mwingi ambao katika lugha ya kawaida hupita bila hata msemaji mwenyewe kuutambua. Hoja hiyo haijafa. Kilichobadilika ni kwamba mashine za siku hizi hazikatai agizo lenye utata, bali huchagua maana mojawapo na kuendelea.

Mabadiliko hayo yalikuja kwa hatua. Mwaka 2017 watafiti wa Google walieleza muundo wa transfoma ambao ndio msingi wa mashine hizi. Mwaka 2020 Tom Brown na wenzake wa OpenAI walionyesha kwa GPT-3 kwamba mashine iliyofunzwa kwa matini nyingi yaweza kufanya kazi mpya kwa kupewa mifano michache ndani ya agizo lenyewe. Mwaka 2021 kampuni hiyo ilieleza mashine ya Codex iliyofunzwa hasa kwa programu, na mwezi wa Novemba 2022 ChatGPT ikafunguliwa kwa watu wote. Tangu hapo uandishi wa programu kwa maagizo umekuwa jambo la kawaida ofisini na vyuoni.

3. Agizo na Utata

Wanafunzi wa isimu wanaujua vyema mfano wa sentensi Juma alimpigia Ali mpira. Yaweza kuwa Juma aliupiga mpira ukaelekea kwa Ali, au aliupiga kwa niaba yake, au hata alimpiga Ali kwa sababu ya mpira, kwa kutegemea muktadha. Binadamu huuondoa utata huo kwa kuyajua mazingira, lakini mashine haina mazingira ila yale iliyoandikiwa.

Tuseme mtafiti ameandika agizo hili:

(1) Yapange maneno haya kwa wingi wake.

Neno wingi lina maana mbili zinazohusika hapa. Yawezekana mtafiti anataka maneno yanayotokea mara nyingi yatangulie, na yawezekana anataka kila nomino ipangwe kwa umbo lake la wingi, vitabu badala ya kitabu. Mwalimu wa sarufi ataelekea kwenye maana ya pili na mwanatakwimu kwenye ya kwanza. Agizo lifuatalo haliachi nafasi hiyo:

(2) Panga maneno kuanzia lile linalotokea mara nyingi zaidi hadi lile linalotokea mara chache zaidi. Maneno yenye idadi sawa yapangwe kwa alfabeti. Usibadilishe umbo la neno lolote.

Agizo la (2) si bora kwa sababu ni refu. Ni bora kwa sababu limetaja mambo matatu ambayo mwandishi wa (1) aliyaacha: kigezo cha kupanga, hukumu ya maneno yanayolingana, na jambo lisilotakiwa kuguswa. Kwa jumla, agizo la programu ya kuchunguza lugha lahitaji sehemu nne, yaani kinachoingia, kinachotoka, kanuni za kufuatwa, na mifano yenye majibu yake. Sehemu mbili za mwisho ndizo zinazomhitaji mwanaisimu, kama sehemu zinazofuata zitakavyoonyesha.

4. Mfano wa Kwanza: Neno Ni Nini?

Kazi iliyo nyepesi kuliko zote ni kuhesabu maneno. Mtafiti aliyekusanya makala za magazeti aweza kuandika: Niandikie programu ya Python ya kuhesabu maneno katika faili hili. Njia itumiwayo sana katika programu za aina hiyo ni kulihesabu kuwa neno kila fungu la herufi na tarakimu zinazofuatana, na kuichukulia alama nyingine yoyote kuwa ni mpaka. Kwa sehemu kubwa ya Kiswahili njia hiyo yafaa. Yaharibika inapofika kwenye ritifaa.

Katika tahajia ya Kiswahili sanifu ritifaa ni sehemu ya herufi. Ng' ni nazali ya kaakaa laini, nayo hutofautiana kifonolojia na ng ya neno ngoma. Programu isiyojua hivyo hukata namna hii:

(3) ng'ombe: ng, ombe
(4) king'ong'o: king, ong, o
(5) Wakulima waling'oa magugu: wakulima, waling, oa, magugu
(6) Jino limeng'oka: jino, limeng, oka

Makosa ya (3) na (4) huonekana kwa macho, kwa kuwa ombe na ong si maneno. Makosa ya (5) na (6) ni ya hatari zaidi. Wakulima waliong'oa magugu wamehesabiwa katika kitenzi cha kuoa, na jino lililong'oka limehesabiwa katika kitenzi cha kuoka mkate. Hakuna atakayeshtuka kuyaona oa na oka katika orodha ya maneno ya Kiswahili. Wakati huo huo ng'ombe, ambalo ni miongoni mwa maneno ambayo mtoto wa shule nchini Kenya hukutana nayo mapema, litakosekana kabisa, na jumla ya maneno itakuwa imezidi. Orodha ya namna hiyo ikitumiwa kuchagua msamiati wa vitabu vya shule, kosa la mstari mmoja wa programu litakuwa limeingia darasani.

Huenda ikadhaniwa kwamba dawa ni kuiambia mashine ikubali ritifaa kuwa herufi. Haitoshi, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba alama hiyo hiyo hutumiwa na baadhi ya wachapaji kufungia maneno yaliyonukuliwa, na programu itaona kwamba 'nyumba' yenye alama na nyumba isiyo na alama ni maneno mawili. Ya pili ni kwamba ritifaa huandikwa kwa alama zaidi ya moja katika kompyuta. Ile iliyonyooka ina namba 39 katika orodha ya Unicode, na ile iliyopinda, ambayo programu nyingi za kuandikia huiweka zenyewe, ina namba 8217. Kwa jicho la msomaji zakaribiana, lakini kwa mashine ni alama mbili, na ng'ombe watagawanyika katika mazizi mawili.

Kwa hiyo kanuni yapasa kuelezwa kifonolojia: alama zote za ritifaa zigeuzwe kuwa moja, kisha alama hiyo ihesabiwe kuwa sehemu ya neno pale tu inapotanguliwa na ng na kufuatwa na irabu. Hata hapo bado pana upungufu. Jina la mwanahabari Hilary Ng'weno lina w baada ya ritifaa, kwa hiyo kanuni yapasa kusema irabu au w. Majina Murang'a na Ng'ang'a yanafaa kuwekwa katika mifano, ili ionekane kwamba kanuni yafanya kazi katikati ya neno na inaporudiwa. Hakuna ujanja wa kuandika maagizo utakaompa mtu maarifa haya kama hayajui. Yatoka katika fonolojia na tahajia, na ni wajibu wa mtafiti kuyapeleka kwa mashine.

5. Mfano wa Pili: Shina na Ngeli

Ugumu huongezeka mtafiti anapotaka maneno yakusanywe chini ya mashina yake, ili anasoma, walisoma na hatutasoma yahesabiwe pamoja. Agizo la kuondoa viambishi awali laonekana kuwa wazi. Lakini programu inayoondoa a, wa, li, ki na vinginevyo kila vinapotokea mwanzoni mwa neno italisoma neno walimu kana kwamba ni walisoma, na kubakiwa na mu. Itaikata alika ibaki ka, wali ibaki bila kitu, na kila ibaki la, ambalo nalo ni neno.

Hapa ndipo mifano yenye majibu inapofaa kuliko maelezo marefu. Kama ilivyotajwa, utafiti wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba mashine hizi huifahamu kazi vizuri zaidi zinapopewa mifano michache ndani ya agizo. Mifano hiyo isiwe ya kawaida tupu. Iwe ile inayogonga mipaka ya kanuni:

(7) walisoma: soma
(8) walimu: mwalimu
(9) wali: wali
(10) alika: alika
(11) kila: kila
(12) hawakunisomea: soma

Mfano wa (12) wadai uamuzi. Je, somea ihesabiwe chini ya soma, au isimame peke yake? Wapo watakaosema mnyambuliko ni neno jipya, na wapo watakaosema ni umbo la neno lile lile. Majibu yote mawili yana watetezi, lakini takwimu zake hazifanani. Mtafiti asipoamua, mashine itamwamulia, wala haitamwambia kwamba imefanya hivyo.

Suala la ngeli ni kama hilo. Katika shule za Kenya ngeli huitwa kwa viambishi vya upatanisho, A-WA, KI-VI, LI-YA na kadhalika, ilhali wanaisimu wa lugha za Kibantu huzitambulisha kwa namba. Agizo lisemalo tu panga nomino hizi kwa ngeli halisemi ni kwa mfumo upi. Tena kuna mgogoro wa siku nyingi kati ya wanaofuata umbo la nomino na wanaofuata upatanisho. Kifaru lina umbo la kitabu, lakini watu husema kifaru mkubwa amekuja. Kwa umbo nomino hiyo iko pamoja na kitabu. Kwa upatanisho iko pamoja na mtu. Mashine yaweza kufuata kigezo cha umbo kwa nomino kumi na kigezo cha upatanisho kwa nomino ya kumi na moja, kwa sababu matini ilizofunzwa zina mikabala yote miwili. Agizo halina budi kuchagua mkabala na kuutaja.

6. Kuijaribu Programu

Mwaka 2021, watayarishi wa Codex walipotaka kuipima, hawakuangalia kama programu zake zilionekana kuwa nzuri. Walitunga maswali 164, kila moja na majaribio yake, kisha wakaziendesha programu na kuangalia kama zilitoa majibu yaliyotarajiwa. Katika jaribio moja kwa kila swali, Codex ilifaulu asilimia 28.8. Iliporuhusiwa kutoa majibu mia kwa kila swali, angalau jibu moja sahihi lilipatikana kwa asilimia 70.2 ya maswali. Mashine zilizokuja baadaye zimeizidi sana Codex, lakini funzo limebaki: programu huhukumiwa kwa matokeo yake, na pasipo majaribio mtu hawezi kulitambua jibu sahihi kati ya mia.

Yafaa mtafiti atayarishe matini fupi, ya maneno hamsini hivi, ayahesabu kwa mkono, na ahakikishe kwamba ndani yake mna ng'oa, walimu, kila, na maneno yaliyofungiwa alama za mtajo. Programu isiyotoa jibu lake isiaminiwe kwa maneno milioni. Majaribio hayo yasiachiwe mashine iyatunge peke yake, kwani iliyoelewa vibaya maana ya neno itaandika programu kwa uelewa huo na majaribio kwa uelewa huo huo, na vyote viwili vitakubaliana katika kosa.

7. Mambo ya Kuzingatia katika Kazi ya Kila Siku

Kwanza, mashine isiombwe ihesabu. Iombwe iandike programu ya kuhesabu. Mashine hizi hazisomi herufi moja moja, bali vipande vya maneno, na vipande hivyo aghalabu havilingani na mofimu za Kiswahili. Kwa hiyo yaweza kukosea hata idadi ya herufi katika neno. Lakini programu ikishaandikwa na kujaribiwa, huhesabu bila kuchoka, na jibu lake la leo ndilo jibu lake la kesho.

Pili, kazi kubwa igawanywe. Aliyeomba kwa mara moja programu ya kusoma faili, kusafisha tahajia, kutafuta mashina na kuchora jedwali hatajua kosa limeingia wapi. Kila hatua iandikwe na ijaribiwe kabla ya inayofuata.

Tatu, mashine iombwe iulize maswali kabla ya kuandika, na ikishaandika itaje mambo iliyoyachukulia kuwa kweli bila kuambiwa. Mara nyingi orodha hiyo ndiyo inayofichua kwamba ritifaa imehesabiwa kuwa mpaka wa neno.

Nne, programu ikikwama, ujumbe wa kosa upelekwe mzima pamoja na mfano wa data uliosababisha kosa hilo. Kuandika kwamba programu haifanyi kazi ni sawa na mgonjwa anayemwambia daktari kwamba haoni raha. Tena mashine huweza kutaja kwa uhakika kifurushi au amri isiyokuwepo, kwa hiyo kila kilichotajwa kitazamwe katika maelezo rasmi ya lugha ya programu inayotumiwa.

Tano, kuna suala la lugha ya agizo lenyewe. Kwa hesabu ya maneno, asilimia 93 ya matini zilizoifunza GPT-3 zilikuwa za Kiingereza. Ni kawaida basi kwamba dhana za mashine kuhusu neno, wingi na mzizi huelekea Kiingereza. Agizo laweza kuandikwa kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, lakini mifano na majibu yake iwe ya Kiswahili, na kila istilahi ya sarufi ielezwe.

Sita, data za watu zilindwe. Mahojiano yenye majina ya watoa habari yasipelekwe kwa mashine iliyo mikononi mwa kampuni ya nje. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na zaidi ya sheria kuna ahadi aliyoitoa mtafiti kwa wazee waliomweleza habari zao. Sentensi chache za kubuni zenye muundo ule ule zatosha kabisa kuundia programu.

8. Hitimisho

Imeelezwa kwamba agizo kwa akili bandia, katika kazi ya kuchunguza lugha, ni maelezo ya lugha hiyo yaliyoandikwa kwa ajili ya msomaji asiyeuliza na asiyekataa. Ikiwa maelezo yana pengo, pengo hilo hujazwa kwa mazoea ya lugha nyingine, na matokeo huja katika majedwali yaliyonyooka ambayo huaminika kwa urahisi. Kwa hiyo wanaisimu wa Kiswahili wasidhani kwamba kazi hii ni ya wataalamu wa kompyuta peke yao. Maswali yaliyojadiliwa katika idara za lugha kwa miaka mingi, yaani neno ni nini, shina huishia wapi, ngeli zigawanywe kwa kigezo gani, ndiyo ambayo mashine huyajibu kimya kimya kila inapoombwa programu.

Ingefaa basi mtafiti anayechapisha takwimu alizozipata kwa njia hii aambatishe programu, agizo lililoizaa, na matini ya majaribio pamoja na majibu yake. Atakayemfuata ataweza kuona ni neno lipi lililohesabiwa, ni lipi lililokatwa, na kama magugu yaling'olewa au yaliolewa.